Oktoba ya joto Minnesota na bustani haijalala: theluji tuiombe au tuiogope?

"Habari bwana shamba. Niko Brooklyn Park, Minnesota, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba. Mwaka huu hali ya hewa siielewi kabisa, Oktoba inakaribia kuisha na mchana bado tunafika nyuzi 75, na mvua hatujaiona kama mwezi na nusu. Lailaki yangu imetoa maua mara ya pili, kitunguu saumu nilichopanda mwanzo wa mwezi kimeota majani urefu wa kidole, na mti wa tufaha wa Honeycrisp niliopanda mwaka jana bado una majani ya kijani. Sukuma wiki ndo inazidi kustawi. Jirani yangu ananiambia nifunike kila kitu na mabua sasa hivi. Mume wangu anasema joto ni baraka, na vuli ikiwa hivi basi winta haitakuwa na maana. Watoto wanaulizia theluji kila asubuhi. Mimi nimekua nikijua theluji ndo inaua mimea, sasa nasikia eti inasaidia. Nimwagilie au niache? Nifunike au nisubiri? Na hii theluji tuiombe au vipi?"

Salama dada yangu, na pole. Maswali ni mengi ila nikiyaweka pamoja naona wasiwasi wako ni mmoja, bustani bado iko macho wakati kalenda inasema ilale, na hujui baridi ikija itaikutaje. Wasiwasi huo una msingi. Ila nikutoe hofu kwanza, hayo yaliyokushtua, lailaki kuchanua na saumu kuota, hayataua kitu. Kwenye maelezo yako yote kilichonishtua mimi ni kile ulichokitaja ukapita, kwamba mvua haijanyesha mwezi na nusu. Hapo ndo pa kuanzia kazi leo hii, kabla hata hujaenda kutafuta mabua. (Nyuzi zote nitakazotaja ni Fahrenheit kama zinavyotokea kwenye simu zetu huku, maji yanaganda kwenye 32.)

Sasa shemeji. Mwambie nimemsikia na ana kahoja kidogo, maana vuli ya 2023 ilianza na joto mpaka marathoni ya Minneapolis na St. Paul ikafutwa tarehe 1 Oktoba kwa ajili ya joto, na kweli winta iliyofuata ndo ikawa ya joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa hapa, Krismasi ikanyesha mvua, theluji ya msimu mzima haikufika inchi 30 na karibu nusu yake ilianguka mwishoni mwa Machi watu wameshakata tamaa. Lakini rudi nyuma mwaka mmoja tu. Vuli ya 2022 ilikuwa kavu sana hapa mjini, mtu angeapa hakuna kitu kinakuja, na winta yake ikamwaga inchi 90 wakati wastani wetu ni kama 51. Kwa hiyo vuli haitabiri winta. Wataalamu wa hali ya hewa wanaangalia zaidi joto la bahari ya Pasifiki, El Niño (maji ya bahari hiyo yakipata joto kuliko kawaida) ikiwa na nguvu huwa inatuegemeza kwenye winta ya joto na La Niña (yakipoa kuliko kawaida) kwenye baridi na theluji zaidi, na hata hivyo huo ni mwelekeo tu, hakuna wa kukupa uhakika.

Na kuna kisa kimoja kila anayepanda miti huku anatakiwa akijue. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya joto la kushangaza, watu wakatoka na nguo nyepesi kwenda kuwinda bata kando ya mto Mississippi, mchana upepo ukageuka, joto likaporomoka, tufani ya theluji ikaja na watu 49 wakafa Minnesota peke yake. Hiyo wengi wanaijua. Wasichojua wengi ni kwamba baridi ile ile iliua miti ya matufaha kwa wingi sana kule Iowa, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa na biashara kubwa ya matufaha, na biashara ile haikurudi tena kama zamani. Miti ilikuwa mizima, yenye afya. Shida ni kwamba vuli ilikuwa ya joto na miti haikuwa imejiandaa.

Hapo kwenye kujiandaa ndo penye siri yote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mti wa nchi za baridi haustahimili baridi hivi hivi tu, unajikomaza kwa hatua. Hatua ya kwanza inaanzishwa na urefu wa usiku, kuanzia kama Agosti usiku unaporefuka mti unapata taarifa, unaacha kurefusha matawi na unafunga matumba yake. Hii haijali joto sana, kwa hiyo Honeycrisp yako hata kama ni ya kijani hatua hiyo imeshaifanya. Hatua ya pili ndo inahitaji baridi yenyewe, usiku wa nyuzi 40 na kitu, alafu 30 na kitu, alafu chini ya 32 kidogo kidogo, na kila usiku wa aina hiyo mti unaongeza sukari ndani ya chembe zake na kutoa maji nje ya chembe ili yakiganda yagande mahali ambapo hayapasui kitu. Ukishakomaa kabisa, ikifika Januari, tufaha kama hiyo inavumilia nyuzi 25 chini ya sifuri bila tabu. Mti huo huo katikati ya vuli ya joto unaweza kuumizwa na nyuzi 10 juu ya sifuri. Yaani baridi inayoua huku mara nyingi ni ile inayokuja ghafla, na joto la sasa hivi lenyewe halijaharibu kitu bado. Tukipata wiki tatu nne za baridi ya kushuka taratibu mti wako utamaliza kazi yake ukiwa umechelewa tu. Tukitoka 70 kwenda 8 ndani ya siku mbili, hapo kuna shida.

Na wewe huwezi kushusha joto la mji, lakini kuna vitu unaweza kuacha kufanya. Usiutie mbolea mti wowote sasa hivi, hata samadi iliyooza vizuri iache mpaka aprili, maana naitrojeni inauambia ukue wakati tunataka ulale. Usipogoe. Najua mkono unawasha ukiona tawi limekaa vibaya, lakini kukata sasa kunaamsha matumba yaliyo karibu na kidonda, subiri mwishoni mwa Februari au Machi. Na wala usiyavue majani kwa mkono eti uusaidie, majani yana virutubisho ambavyo mti bado unavirudisha ndani. Baridi ikiyakuta ya kijani yatakauka yakiwa yamening'inia mpaka spring, sura yake haipendezi ila hayana madhara makubwa.

Tuje kwenye maji. Watu wengi wakishasikia neno winta wanafunga bomba, wakiamini kwamba kumwagilia kabla ya baridi kunagandisha mizizi. Ni kinyume chake. Udongo wenye unyevu unashika joto na unachelewa kuganda, udongo mkavu una hewa nyingi na baridi inaushukia haraka na kwa kina zaidi. Alafu mizizi, hiki watu wanakisahau, haikomai kama matawi. Tawi la tufaha linavumilia chini ya sifuri huko, mizizi yake inaanza kuumia udongo ukifika nyuzi 10 hadi 15 juu ya sifuri. Kilichoko chini ya ardhi ndo dhaifu kuliko cha juu.

Kwa hiyo leo jioni chukua bisibisi ndefu uichomeke kwenye udongo karibu na mti. Ikigoma kwenye inchi mbili, una ukame. Weka mpira wa maji chini, ufungue kidogo sana maji yawe yanadondoka tu, uache nusu saa, uhamishe upande mwingine, uzungushe hivyo mpaka bisibisi inaingia inchi 8 bila kulazimisha. Rudia kila wiki kama mvua haijanyesha, mpaka ardhi igande. Mwaka kama huu hiyo inaweza kwenda mpaka katikati ya Novemba au zaidi. Ukiwa na miti ya kijani mwaka mzima kama ile ya uzio wanayopenda sana huku, nayo ipe zaidi, kwa sababu inaendelea kupoteza maji kwenye upepo wa Januari na haina pa kuyapata, ndo maana unaona Aprili imekuwa ya kahawia upande mmoja. Na ukimaliza chomoa mpira kwenye bomba, usiuache hata usiku mmoja ukitangazwa chini ya 30, bomba la nje likiganda na mpira ukiwemo linapasuka ndani ya ukuta na fundi wake si wa bei ya kucheza naye.

Sasa theluji. Sikulaumu kwa ulivyokuwa unaamini, mtu aliyekulia kwetu akiona mmea umezikwa kwenye kitu cheupe cha baridi anasema huo umekwisha. Lakini theluji iliyoanguka karibuni ni hewa kwa asilimia 90 au zaidi, na hewa iliyotulia haipitishi joto, kwa hiyo inafanya kazi ya blanketi kabisa. Ukiwa na futi moja ya theluji juu ya kitalu, udongo chini yake unabaki karibu na 32 hata kama nje ni 20 chini ya sifuri. Uitoe hiyo theluji, ndo unapata mizizi iliyokufa. Mwisho wa Januari 2019 hapa Minneapolis tulishuka mpaka 28 chini ya sifuri, usiku kama huo kinachoamua stroberi, kama unazo, zitaamka au hazitaamka ni kama zilikuwa na kifuniko au zilikuwa wazi.

Kuna na faida ya pili ambayo haisemwi sana. Ardhi tupu ikipigwa na jua mchana inayeyuka juu, usiku inaganda tena, ikiganda inavimba, na ikirudia hivyo mara nyingi inasukuma vitu juu. Ukienda bustanini Machi ya mwaka usio na theluji utakuta punje za saumu zimekaa juu ya udongo zikiwa na mizizi iliyokatika, utadhani kuna mtu kazing'oa usiku. Theluji ikikaa inazuia huo mchezo.

Ila usiitegemee kwa kila kitu. Haitatibu ukame wako, inchi 10 za theluji zikiyeyuka ni kama inchi moja tu ya maji, na mara nyingi zinayeyuka juu ya ardhi iliyoganda na maji yanakimbilia barabarani. Mvua ya Oktoba ina thamani kubwa kuliko theluji ya Februari kwa mizizi yako. Na theluji ina wageni wake. Kuna panya wadogo wa shambani wenye mkia mfupi, wanachimba njia chini yake na kutafuna gome la mti bila wewe kuona chochote, na sungura anasimama juu yake kama ngazi anafika mahali ambapo Oktoba hakufiki. Mti wako wa mwaka wa pili ndo chakula wanachokipenda. Uzungushie wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, uuzamishe inchi mbili kwenye udongo, juu upite kimo unachodhani theluji itafika kwa kama futi mbili. Huo wavu ukiuweka, na shina ukalivalisha lile gamba jeupe la plastiki linalozuia jua la mchana wa Februari lisipasue gome upande wa kusini magharibi, umemaliza nusu ya ulinzi wa mti.

Jirani yako sasa. Ushauri wake ni mzuri ila umekuja mapema. Matandazo ya winta kazi yake ni kushikilia ardhi ikae na baridi isiyobadilika badilika, hayapashi kitu joto. Ukiyamwaga sasa nje kukiwa na 75 unafungia joto na unyevu, stroberi zinachelewa kujikomaza, vichwa vyake vinaweza kuoza, na panya wanapata nyumba kabla hata theluji haijafika. Subiri. Alama ya kusubiri kwa stroberi ni usiku kadhaa wa nyuzi 20 na kitu, au ukiwa na kipimajoto cha udongo (vinauzwa bei ndogo tu), udongo ukae kwenye 40 siku tatu mfululizo. Huku kwetu mara nyingi inaangukia katikati ya Novemba, mwaka huu inaweza kusogea. Ila mabua nunua sasa hivi uyaweke gereji chini ya turubai, kwa sababu siku ile baridi ya ghafla itakapotangazwa kila mtu atakuwa dukani. Hakikisha ni mabua ya ngano au shayiri, usichukue nyasi za kulishia ng'ombe, zile zina mbegu na utapalilia mpaka uchoke. Kama hutaki kununua, majani yaliyopukutika ni ya bure, yapitishie mashine ya kukatia nyasi kwanza yakatike, maana mazima yakilowa yanagandana na kuziba hewa.

Saumu nayo ni hivyo hivyo. Hayo majani urefu wa kidole yaache, usiyakate, usifukie. Yataungua na baridi kwenye ncha, na Aprili punje itasukuma mengine kutoka chini, ilimradi imeshaota mizizi ya kutosha, na kwa joto hili mizizi itakuwa nayo. Kwa kweli saumu inaitaka baridi, bila wiki nyingi za baridi haigawanyiki punje, inabaki tunguu moja la duara. Weka mabua inchi 4 pale udongo wa juu unapoanza kuganda asubuhi. Mwakani panda katikati ya Oktoba au hata baadaye kidogo vuli ikiwa ya joto.

Lailaki, kwa kifupi. Ukame wa mwisho wa kiangazi unaushtua mti, matumba yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya Mei yanafunguka kabla ya wakati. Maua uliyoyaona sasa ndo utakayoyakosa spring, hayo tu. Mwagilia, usikate.

Sukuma wiki furahia. Ikipigwa na jalidi, ule umande unaoganda mweupe juu ya majani, inageuza wanga kuwa sukari na utaona ladha ya wiki inayofuata. Inavumilia mpaka nyuzi 20 na chini kidogo. Usivune ikiwa imeganda asubuhi, ngoja iyeyuke mpaka saa tano hivi za mchana, ukiikamata imeganda inakuwa majimaji mkononi. Kama una mchicha, managu au maboga, hivyo havina ujanja, usiku wa kwanza wa 32 vimekwisha, kwa hiyo vuna simu ikisema 35 kwa sababu vitongoji kama vyenu huwa na baridi kuliko uwanja wa ndege ambako kipimo kinachukuliwa. Na chochote kilicho kwenye ndoo au chungu kiingize gereji, mizizi kwenye chungu inapigwa na baridi pande zote.

Kuna jambo hujaniuliza ila utaulizwa na marafiki, ile ramani ya kanda za mimea, inayoonyesha mmea gani unaweza kustahimili baridi ya sehemu gani, iliyotolewa upya 2023 na wizara ya kilimo ya Marekani. Sehemu kubwa ya mji wetu imesogezwa nusu kanda kwenye joto, na nimeona watu wananunua miche ya pichi. Ramani ile inapima wastani wa usiku mmoja wa baridi kuliko zote katika kila mwaka kati ya 1991 na 2020. Haisemi lolote kuhusu baridi ya ghafla ya Novemba, wala kuhusu winta isiyo na theluji. Kwa pesa yangu ningekaa na mimea ya kanda ya zamani.

Kwa hiyo theluji, mwambie shemeji na watoto kwamba safari hii mimi niko upande wa watoto, ila waombe kwa mpangilio: kwanza mvua, alafu baridi ya kushuka polepole, alafu theluji ifike kabla ya ile baridi kali ya Januari. Ikianguka, usiifagie kwenye vitalu, na ile unayoizoa kwenye njia ya miguu rushia juu ya stroberi, mradi haijamwagiwa chumvi, ya chumvi peleka mbali. Isipokuja, mabua yako ya Novemba ndo yatashika nafasi yake, ongeza inchi mbili ukisikia wanatangaza chini ya sifuri na ardhi iko wazi.

Mwisho, lini usinisikilize mimi wa kwenye maandishi ukatafuta mtu aje aone kwa macho. Ukiona gome la tufaha limepasuka wima na linabanduka, au Mei ikifika katikati na matawi hayajatoa kitu wakati ya majirani yameshachipua, kwaruza tawi kwa ukucha. Kijani chini yake maana yake lipo hai, subiri. Kahawia kavu mpaka kwenye shina, usikate bado, piga picha upeleke kwa Extension, yaani idara ya ugani ya Chuo Kikuu cha Minnesota, wana watu wa kujitolea waliofundishwa mambo ya bustani wanajibu maswali bila malipo, na maabara ya udongo pia wanayo kwa ada ndogo. Mti mkubwa ulio karibu na nyumba au waya wa umeme ukianza kukauka juu kwa ukame huu, hapo usijaribu mwenyewe na usimpandishe shemeji ngazi, tafuta mtaalamu wa miti mwenye cheti na bima, na mwombe akuonyeshe vyote viwili kabla hajawasha msumeno.